Kuondoa Si Kutupa

Magomvi mengi makubwa baina ya watu hayatokani na hila wala wizi, bali hutokana na neno moja ambalo kila mmoja alilisikia kwa sikio lake na kulifahamu kwa moyo wake. Watu wawili hupeana mikono, wakaagana kwa furaha, na kila mmoja akenda zake akiamini ya kuwa wamepatana. Kumbe hawakupatana hata kidogo. Mwezi huu twapenda kulieleza jambo hili kwa mfano wa kazi ifanyikayo mara kwa mara katika miji yetu ya pwani, nayo ni kazi ya kuondoa samani katika hoteli inayotengenezwa upya. Tumechagua hoteli kwa kuwa humo mambo huonekana kwa ukubwa. Lakini litokealo katika hoteli ya vyumba 40 laweza kutokea katika nyumba ya vyumba vitatu, siku mwenyewe atakapotaka kupaka rangi au kuhama.

Na tuseme yuko mtu aliyerithi kwa baba yake hoteli ya ghorofa tatu. Kuta zimeingia chumvi, lipu yabanduka, na mabomba yavuja. Akawaita mafundi, nao wakamwambia hawawezi kuanza mpaka vyumba viwe vitupu. Akamwendea mtu mwenye malori na wachukuzi, akamwambia: "Nataka samani zote ziondolewe wiki hii." Yule mwenye malori akapita vyumbani, akaona vitanda vilivyolegea, viti vilivyochujuka, makabati yaliyoliwa na mchwa, na katika chumba cha mwisho kasha la kale lenye misumari ya shaba. Akataja ujira mdogo, na mwenye hoteli akafurahi kwa urahisi wake. Hapana karatasi iliyoandikwa. Kwa siku tano vyumba vikawa vitupu.

Baada ya miezi mitatu mafundi wakamaliza, na mwenye hoteli akapiga simu: "Sasa nirudishie vyombo vyangu." Mwenye malori akashangaa, akasema: "Nirudishe nini, bwana? Uliniambia niondoe, nami nikaondoa. Vibovu nimevitupa, na vizima nimeviuza mnadani, kwani ujira ule ulionipa haukutosha hata mafuta ya magari." Na lile kasha, ambalo babake mwenye hoteli aliwekea hati zake tangu ujana wake, sasa liko sebuleni kwa mtu aliyelinunua kwa fedha yake halali, wala hajui lolote.

Basi hapa nani mwongo? Twaona ya kuwa hapana mwongo. Neno "kuondoa" katika lugha yetu lina njia mbili. Twasema tumeondoa mkeka, maana tumeukunja ili tuutandike tena jioni. Na twasema tumeondoa taka, maana hatutaki kuziona tena. Mwenye hoteli alikusudia mkeka, na mwenye malori alifahamu taka.

Wala asidhani mtu ya kuwa fahamu ya mwenye malori ni ya ajabu. Katika kazi ya hoteli, kuuza samani za kale wakati wa matengenezo ni desturi ijulikanayo. Hoteli ya Savoy ya London ilipofungwa mwezi wa Desemba mwaka 2007 ili itengenezwe upya, maelfu ya vyombo vyake, tangu vitanda hata vyombo vya mezani, vilipigwa mnada, na wenyewe ndio walioagiza vipigwe. Ilipofunguliwa tena mwezi wa Oktoba mwaka 2010, ilikuwa na vyombo vingine. Lakini pale Savoy neno la kuuza lilitamkwa wazi na wenye mali. Katika mfano wetu halikutamkwa, na hapo ndipo penye tofauti yote.

Sheria nazo zimelijua shauri hili tangu zamani. Iko kesi ya Uingereza ya mwaka 1864 ambayo wanafunzi wa sheria huisoma hata leo. Mtu mmoja aliuza marobota ya pamba yatakayokuja kutoka Bombay katika jahazi iitwayo Peerless, na mwenziwe akakubali kununua. Kumbe jahazi za jina hilo zilikuwa mbili, na zote zatoka Bombay: moja iling'oa nanga Oktoba, na ya pili Desemba. Mnunuzi alikusudia ya Oktoba, na pamba ya muuzaji ilikuwamo katika ya Desemba. Ilipofika, mnunuzi akaikataa, na mahakama haikumlazimisha kuipokea. Jina lilikuwa moja, lakini vitu vilikuwa viwili.

Na sheria ya mikataba ya Tanganyika iliyotungwa mwaka 1961, ambayo ilifuata nyayo za ile sheria ya Bara Hindi ya mwaka 1872, imelieleza jambo hili kwa uwazi: watu huhesabiwa kuwa wameridhiana pale wanapokubaliana juu ya kitu kimoja kwa maana moja. Kenya nayo tangu mwaka 1961 hufuata katika mikataba kanuni za Kiingereza, na kwa hivyo kesi kama ile ya jahazi mbili si hadithi ya ng'ambo tu.

Wanavyuoni wetu nao walilijadili neno hili karne nyingi kabla ya Waingereza. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameeleza katika kitabu chake cha Minhaji, ambacho madhehebu yetu ya Shafii hukitegemea, habari ya mtu na mshoni wake. Mshoni amekata nguo na kuishona joho, asema ndivyo alivyoagizwa. Mwenye nguo asema hakuagiza joho, aliagiza kanzu. Kauli yenye nguvu ni kwamba mwenye nguo atasadikiwa kwa kiapo chake. Hatalipa ujira, na mshoni atalipa upungufu aliouingiza katika nguo ile. Sababu yake yafahamika: mali ni yake yule, naye ndiye ajuaye zaidi ruhusa aliyoitoa. Basi mwenye kugusa mali ya mtu kwa namna isiyoweza kurudishwa yampasa awe na hakika ya ruhusa yake. Kitanda kilichowekwa ghalani chaweza kurudishwa. Kilichouzwa au kuchomwa hakirudi.

Lakini insafu yatutaka tuseme na upande wa pili. Hakimu atakayeletewa shauri la hoteli yetu hatasikiliza maneno matupu, bali atatazama dalili. Atauliza: Je, ujira uliolipwa ni ujira wa kuchukua, kuweka ghalani miezi mitatu na kurudisha, au ni ujira wa safari moja ya kwenda tu? Je, mwenye hoteli aliuliza ghala liko wapi? Je, mwenye malori alipoliona lile kasha zuri miongoni mwa vibovu, hakushtuka akauliza? Je, kwa kawaida yake mtu huyu ni mhamishaji au ni mnunuzi wa vikuukuu? Ujira mdogo utamsaidia mwenye malori; kasha la thamani litamwelemea. Na kila mmoja atatoka mahakamani akiwa na jeraha lake.

Na jeraha hilo halitaishia kwa hao wawili. Kwa kawaida ya sheria mtu hawezi kumpa mwenziwe haki asiyokuwa nayo mwenyewe. Kwa hivyo aliyenunua kitu kwa mtu asiyekuwa na ruhusa ya kuuza huenda akanyang'anywa, hata kama alilipa kwa nia safi. Yule aliyelinunua kasha mnadani, akaliweka sebuleni na kulipaka mafuta, atajikuta ameingizwa katika ugomvi asioujua mwanzo wake.

Liko na jambo la pili lizushalo magomvi katika kazi hizi, nalo ni nyongeza ya ujira katikati ya kazi. Wachukuzi wamefika ghorofa ya tatu, wakaona ngazi ni nyembamba na kabati kubwa halipiti pembeni. Msimamizi wao akashuka, akasema: "Kazi hii hatuimalizi ila kwa nyongeza." Mwenye hoteli, mafundi wake wamekwisha kusimama mlangoni, akasema: "Malizeni, nitawaongeza." Walipomaliza akageuka, akasema: "Nyongeza ya nini, na kazi ilikuwa ni ile ile tuliyopatana?"

Zamani mahakama za Kiingereza zilimpa haki mwenye kusema hivyo. Mwaka 1809 mabaharia wa jahazi moja iliyotoka London kwenda bahari ya Baltiki walidai ahadi ya nahodha wao: wenzao wawili walikuwa wametoroka, na nahodha aliwaahidi waliobaki kugawana mishahara ya wale wawili iwapo wataifikisha jahazi nyumbani. Wakaifikisha, wasilipwe, na mahakama ikawakatalia, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kufungika kuifanya kazi ile. Lakini mwaka 1989 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ililegeza kamba. Seremala mmoja alichukua kazi ya mbao katika nyumba 27 za jengo moja la London kwa pauni 20,000, kisha akaona bei ile haimtoshi. Wakandarasi waliompa kazi, wakichelea kutozwa faini wao wenyewe kwa kuchelewa, wakamwahidi pauni 10,300 zaidi. Mahakama ikaamua ya kuwa ahadi ile yawafunga, maadamu waliitoa bila kulazimishwa, nao wamepata manufaa kwayo. Kwa hivyo mwenye hoteli asidhani neno lake la haraka pale ngazini ni upepo. Na msimamizi wa wachukuzi naye asidhani ya kuwa kumkaba mtu wakati wa dhiki yake ni biashara; kwani ahadi iliyotolewa kwa kukamwa koo si ahadi mbele ya hakimu, na mbele ya Mola ni dhuluma.

Jambo la tatu ni hali ya vyombo vikiwa mikononi mwa mchukuzi. Sheria za nchi zetu zamtaka mtu aliyepokea mali ya mwenziwe aitunze kwa uangalifu ule ambao mtu mwenye busara angeutumia kwa mali yake mwenyewe. Kioo kikipasuka kwa kuwa kilifungwa vibaya, lawama ni yake. Godoro likirowa kwa kuwa lori halikufunikwa turubai siku ya mvua, ni yake pia. Lakini mguu wa meza uliokwisha kuliwa na mchwa kabla hajaugusa hauwi lawama yake. Nani atajua ulikuwaje, ikiwa hapana aliyeandika?

Sasa tumefika penye dawa, nayo si ghali. Ni karatasi moja na nusu saa ya wakati. Kwanza, iandikwe orodha ya vyombo, chumba kwa chumba, na hali ya kila kimoja. Na siku hizi ambapo simu huchukua picha, zipigwe picha pia. Pili, iandikwe kila kitu kinakwenda wapi: hiki ghalani, hiki kiuzwe, hiki kitupwe. Lisiandikwe neno "kuondoa" peke yake. Tatu, ikiwa kuna cha kuuzwa, iandikwe fedha ni za nani. Nne, utajwe ujira, na kama wahusu kuchukua tu au pia kuweka na kurudisha. Tano, itajwe siku ya kurudisha, na itakuwaje mafundi wakichelewa na ghala likaendelea kudai kodi. Sita, iandikwe ya kuwa nyongeza yoyote haitakuwa ila kwa maandishi ya pande zote mbili. Kisha watie sahihi wote wawili, washuhudie watu wawili, na kila mmoja ashike nakala yake.

Huenda mtu akasema: "Huyu ni jirani yangu, nikimtolea karatasi ataona simwamini." Twamjibu ya kuwa aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, iliyo katika sura ya Al-Baqara, yahusu jambo hili hili: yawaamrisha waumini waandike deni lenye muda, waweke mashahidi, wala wasichoke kuandika, liwe dogo au kubwa. Wanavyuoni wengi wameichukua amri hiyo kuwa ni sunna si faradhi. Lakini hekima yake haifichikani. Wala aya hiyo haikuwasema watu wasioaminiana, bali wale walioamini. Kuandika hakumvunjii jirani heshima. Humlinda yeye na kusahau, na hukulinda wewe na kumdhania vibaya.

Na ikiwa maji yamekwisha kumwagika, basi usikimbilie kwanza kwa wakili. Kaeni barazani pamoja na mtu mzima mnayemheshimu nyote, na kila mmoja aseme alichokifahamu, si alichotendewa. Ikishindikana, mahakama ziko. Huko Kenya mashauri ya mikataba ya namna hii hayaendi kwa Kadhi, bali kwa mahakama za kiraia. Na sheria ya mwaka 2016 iliweka Mahakama ya Madai Madogo, ambayo mwaka 2020 mpaka wake ulipandishwa hata shilingi 1,000,000, ikaamriwa imalize shauri kwa siku 60. Hata hivyo, mahakama yaweza kumpa mtu fidia ya kasha, lakini haiwezi kumrudishia kasha lililokwisha kuvunjwa kuni, wala ujirani uliovunjika pamoja nalo.

Ndugu msomaji, juma hili huenda nawe ukamwita mtu aje akuondolee kabati, au aitengeneze paa yako, au amchukulie binti yako vyombo vya harusi. Kabla hajainua kitu, muulize: "Umefahamu nini katika niliyokuambia?" Umsikilize mpaka amalize. Ukiona amefahamu vingine, mshukuru Mwenyezi Mungu kwamba umejua leo, na kabati lingali mahali pake.