Pikapu Inayokunywa Mafuta Kupita Kiasi
Jirani zetu wa Zambia hawana visima vya mafuta. Dizeli inayofika Ndola kwa bomba la TAZAMA husafiri kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam, nayo hununuliwa kwa fedha za kigeni. Kuipoteza kwa uzembe ni hasara ya taifa.

Dereva anayeishuku pikapu yake asikimbilie kufungua injini. Ajaze tangi, aandike kilomita. Akijaza tena, agawanye kilomita alizokwenda kwa lita alizoongeza. Kisha apime upepo wa matairi. Baada ya safari asogeze mkono karibu na kila gurudumu: lenye joto kuliko mengine, yamkini breki yake inabana. Moshi mweusi huashiria chujio la hewa lililoziba au nozeli mbovu.

Kipimo kitangulie spana.