Video Fupi za Kufundishia Uchoraji wa Kiufundi kwa Kompyuta: Mwalimu Anahitaji Nini, na Video Haiwezi Kufanya Nini

Mwezi Januari 2024 shule za sekondari zilizoteuliwa kuanza mkondo wa amali zilipokea wanafunzi wa kwanza wa Kidato cha Kwanza chini ya mtaala ulioboreshwa. Kwa hesabu ya kawaida ya miaka ya masomo, wanafunzi hao hufikia mtihani wa Kidato cha Nne mwaka 2027. Fani nyingi za mkondo huo, kuanzia useremala na uashi hadi uchomeleaji, humtaka mwanafunzi aweze kusoma mchoro wa kiufundi na kuuchora yeye mwenyewe. Mchoro huo, uliokuwa ukichorwa kwa rula ya T na penseli, sasa unachorwa zaidi kwa kompyuta katika ofisi za wahandisi na wasanifu majengo.

Uchoraji wa kompyuta si jambo la jana. Ivan Sutherland alionesha programu yake ya Sketchpad katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1963, na AutoCAD ilianza kuuzwa mwaka 1982. Kilicho kipya ni kwamba somo hili sasa linamfikia mwanafunzi wa shule ya kata, ambako kompyuta ni chache na mwalimu aliyeisomea programu yenyewe huenda akawa mmoja tu, au asiwepo kabisa. Hapo ndipo video fupi zilizoandaliwa na walimu wenyewe zinapopata nafasi.

Hesabu ifuatayo inaeleza kwa nini. Chukua darasa la wanafunzi 48 lenye kompyuta sita. Kila kompyuta inahudumia wanafunzi wanane. Katika vipindi viwili vilivyounganishwa, yaani dakika 80, mwalimu akitumia dakika 50 kuonesha hatua na kuzirudia kwa walioachwa nyuma, zinabaki dakika 30, na kila mwanafunzi anashika kipanya kwa muda usiofika dakika nne. Wanafunzi wakiwa wameziona hatua hizo kabla ya kipindi, dakika zote 80 zinakuwa za mazoezi na kila mmoja anapata dakika kumi. Dakika kumi bado ni chache, na ni vyema wazazi na wajumbe wa bodi za shule waelewe jambo hili bila kificho: video haiongezi idadi ya kompyuta. Inachookoa ni muda wa maelezo. Shule isiyo na kompyuta hata moja haitapata mafundi wa kuchora kwa kuangalia video tu, kama ambavyo mtu hajifunzi kuendesha baiskeli kwa kumtazama mwenzake.

Swali linaloulizwa mara nyingi ni kwa nini shule zisitumie video ambazo tayari zimejaa katika YouTube. Zipo nyingi, na baadhi ni nzuri sana. Hata hivyo, mwanafunzi wa Tanzania anazifuata kwa hasara mbili ambazo ni rahisi kutozitambua. Ya kwanza ni vipimo. Video nyingi za Marekani hutumia inchi, na inchi moja ni milimita 25.4. Mwanafunzi anayeandika 2 kama alivyoona kwenye video, ilhali kompyuta yake imepangwa kwa milimita, anapata kipande kidogo kuliko ukucha. Ya pili ni mpangilio wa sura za kitu. Wamarekani hutumia makadirio ya pembe ya tatu, ambamo sura ya juu ya kitu huchorwa juu ya sura ya mbele. Katika makadirio ya pembe ya kwanza, yaliyozoeleka Ulaya, sura hiyo ya juu huwekwa chini ya sura ya mbele, na sura inayotazamwa kutoka kushoto huwekwa kulia. Mwanafunzi asiyejua tofauti hiyo anaweza kuchora kila mstari kwa usahihi na bado akakosa swali zima. Fundi naye akiusoma mchoro kwa mpangilio usio wake, tundu linalopaswa kuwa kushoto linatobolewa kulia, na bamba la chuma lililonunuliwa kwa fedha ya shule linakuwa chakavu.

Lipo pia suala la lugha. Mtihani wa sekondari ni wa Kiingereza, na amri za programu nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza. Mwalimu anayeandaa video anaweza kuitaja amri kama inavyosomeka kwenye skrini, kisha akaeleza kwa Kiswahili inafanya nini na kwa nini inatumiwa hapo. Mwanafunzi anapata jina atakalokutana nalo katika mtihani pamoja na maana yake.

Kuhusu programu yenyewe, gharama isiwe kikwazo. LibreCAD ni ya bure, inachora michoro bapa ya pande mbili, na inafanya kazi hata kwenye kompyuta za zamani zenye uwezo mdogo. FreeCAD nayo ni ya bure na inajenga maumbo ya pande tatu, ila inahitaji mashine yenye nguvu zaidi. AutoCAD ni ya kulipia. Kampuni yake huwaruhusu walimu na wanafunzi kuitumia bure kwa masomo, lakini kwa kufungua akaunti, kuwa na intaneti na kuwa na kompyuta nzuri. Kwa shule inayoanza, LibreCAD inatosha kabisa kwa mwaka wa kwanza. Kazi ya kurekodi kinachoonekana kwenye skrini pamoja na sauti hufanywa na OBS Studio, ambayo pia ni ya bure.

Ubora wa somo hutegemea zaidi mpangilio wake kuliko vifaa. Mfano mzuri wa somo moja ni bamba la chuma lenye urefu wa milimita 120, upana wa milimita 80 na matundu manne ya kipenyo cha milimita 10, kila tundu likiwa milimita 15 kutoka kwenye kingo. Video ianze kwa kuonesha bamba halisi mkononi, kisha mchoro wake wa penseli, ndipo skrini ifuate. Mwanafunzi anapaswa kujua anachora kitu gani kabla ya kuoneshwa kitufe cha kubonyeza. Kona ya kwanza inawekwa kwenye 0,0, nyingine kwenye 120,0, kisha 120,80 na 0,80. Vitovu vya matundu vinaangukia kwenye 15,15, 105,15, 105,65 na 15,65. Mwalimu asitaje namba hizo tu, bali aeleze zinavyopatikana: 105 ni 120 kutoa 15, na 65 ni 80 kutoa 15. Mwanafunzi aliyeelewa hesabu hiyo atachora bamba la kipimo chochote.

Kisha lije kosa. Hii ndiyo sehemu ambayo video nyingi huiruka, nayo ina thamani kuliko zote. Amri ya kawaida ya kuchora duara huuliza nusu kipenyo. Mwanafunzi aliyesoma kipenyo cha 10 kwenye karatasi anaandika 10, na tundu linatoka na kipenyo cha milimita 20. Kwenye skrini linapendeza tu, wala kompyuta hailalamiki. Mwalimu alifanye kosa hilo makusudi, aweke vipimo juu ya mchoro, kosa lijitokeze lenyewe, kisha alisahihishe. Mwanafunzi aliyeliona mara moja hujenga tabia ya kupima mchoro wake kabla ya kuukabidhi karakana.

Somo kama hilo linatosha dakika sita. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 na Philip Guo na wenzake, uliopitia mara milioni 6.9 ambazo video za kozi za edX zilitazamwa, ulionesha kuwa video fupi huwashika watazamaji zaidi, na wakashauri zisizidi dakika sita. Watafiti hao waliangalia wanafunzi wenye intaneti, lakini ufupi una faida nyingine kwetu, nayo ni ukubwa wa faili. Video ya dakika sita iliyohifadhiwa kwa kasi ya megabiti moja kwa sekunde ina takribani megabaiti 45. Mchoro wa kompyuta hausogei sana kama picha za mpira wa miguu, kwa hiyo kasi hiyo inaweza kupunguzwa hadi nusu na maandishi yakaendelea kusomeka. Masomo 60 ya megabaiti 45 ni gigabaiti 2.7, yanayoenea katika flashi ndogo ya gigabaiti nne.

Mambo madogo huharibu kazi kubwa. LibreCAD huanza ikiwa na mandhari nyeusi, na mistari myembamba juu ya weusi hupotea projekta inapowashwa katika darasa lenye mwanga. Mandhari nyeupe ni bora. Kishale cha kipanya kikuzwe. Sauti irekodiwe karibu na mdomo, katika chumba chenye mapazia au vitabu, na wala si siku ya mvua chini ya bati. Muziki wa kunogesha hauna kazi hapa, na kutumia wimbo wa msanii bila idhini ni kuvunja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999.

Video zikikamilika zinaweza kupandishwa YouTube, lakini usambazaji usitegemee mtandao pekee. Faili halisi zinakiliwa kwa flashi kutoka shule hadi shule, au kuwekwa kwenye kompyuta moja yenye mfumo wa Kolibri, unaotolewa bure na taasisi ya Learning Equality, na wanafunzi wakazitazama kwa mtandao wa ndani wa shule bila kununua bando. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 na baadaye kukabidhiwa walimu vinafaa kutazamia. Havifai kuchorea kwa LibreCAD, kwa sababu programu hiyo haina toleo la Android. Mazoezi yabaki kwenye kompyuta.

Pale sura au sauti ya mwanafunzi inapoonekana au kusikika, idhini ya mzazi au mlezi ipatikane kwanza kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu watoto pia, na video ikishasambaa haiitwi ikarudi. Njia rahisi ni kurekodi skrini na mikono ya mwalimu tu.

Mwalimu anayekusudia kuanza azungumze na Mkuu wa Shule, ambaye atawasiliana na Divisheni ya Elimu Sekondari. Kitengo cha TEHAMA cha Halmashauri ndicho mahali pa kuomba msaada wa kusakinisha programu. Kabla video haijatoka nje ya shule, mwalimu mwingine wa somo aitazame akiwa na karatasi na rula, achore anachoambiwa hatua kwa hatua, na apime matokeo. Makosa atakayoyakuta yarekebishwe katika faili halisi, na nakala za zamani zifutwe kwenye flashi zote, kwani nakala yenye kipimo kibaya ikibaki shule moja itaendelea kufundisha kosa hilo mwaka hadi mwaka.