Unauza Nyumba Mji wa Kale? Mnunuzi Aelezwe Haya Kwanza

Mnunuzi anapoingia nyumba ya Kibokoni au Ndia Kuu, macho huenda kwenye mlango wa nakshi na roshani. Maswali ya ardhi, mirathi na ukarabati huja baadaye, mara nyingi malipo ya kwanza yakiwa yameshatolewa. Hapo ndipo ugomvi huanza. Muuzaji anayeandaa maelezo mapema, kwa maandishi, humlinda mnunuzi na kujilinda mwenyewe.

Kinachouzwa ni nini?
Mombasa zipo nyumba nyingi zisizo na ardhi: jengo ni la mtu mmoja, kiwanja ni cha mwingine, na mwenye nyumba hulipia kiwanja kodi. Anayeuza nyumba ya namna hiyo aseme wazi kwamba anauza jengo pekee, amtaje mwenye ardhi, na aonyeshe makubaliano yao pamoja na risiti za kodi. Anayeuza na ardhi yake awe na hati miliki, matokeo ya karibuni ya upekuzi kutoka afisi ya usajili wa ardhi, na cheti cha kaunti kwamba hadaiwi kodi ya ardhi.

Nani ana haki ya kuuza?
Nyumba ya urithi haiuzwi na ndugu mmoja kwa niaba ya wenziwe bila idhini ya kisheria. Hati za mahakama zinazotaja warithi na msimamizi wa mirathi ziwe tayari. Kwa mujibu wa Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mume na mke. Nyumba ya wakfu nayo si mali ya mtu kuiuza apendavyo.

Nini kinaweza kubadilishwa?
Mji wa Kale ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1990. Mnunuzi anayepanga kuongeza ghorofa au kuondoa roshani ajue mapema kwamba atahitaji idhini, na aulize kwa kaunti na Makavazi ya Kitaifa. Muuzaji naye aonyeshe vibali vya ukarabati aliofanya.

Hali ya jengo
Kuta hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari hushikiliwa na boriti za mikoko. Palipovuja, boriti zilizobadilishwa na kuta zilizopigwa saruji, ambayo huzuia unyevu kutoka, vyote vitajwe. Iandikwe pia iwapo mlango wa nakshi unauzwa na nyumba, na kama kuna wapangaji.

Maelezo hayo yakaguliwe na wakili kabla ya shilingi yoyote kulipwa.