Kwa nini mgonjwa huikimbia hospitali ya umma, kisha huirudia

MTOTO akishikwa na homa usiku mtaani Kayole au Bamburi, mzazi mwenye shilingi mia chache mfukoni hulipita lango la kituo cha afya cha serikali na kubisha katika kliniki ya kibinafsi iliyo kando ya barabara. Hapo hakuna foleni, na dawa hutolewa papo hapo. Lakini mzazi huyo huyo akiambiwa figo zake zimefeli au ana saratani, aghalabu safari yake huishia katika Hospitali Kuu ya Kenyatta.

Mkenya, basi, hazichukii hospitali za umma kama inavyodaiwa mara kwa mara. Anachokiogopa ni kufika huko na kukosa huduma.

Hofu hiyo ina chimbuko. Mwaka 1965, serikali iliondoa ada za matibabu. Desemba 1989, chini ya shinikizo la Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), ada zilirejeshwa kwa jina la kugawana gharama. Mwaka 2004 zilipunguzwa hadi shilingi 10 katika zahanati na 20 katika vituo vya afya, na Juni 2013 zikafutwa kabisa katika ngazi hizo mbili.

Hata hivyo, kufuta ada si kujaza rafu za dawa. Mgonjwa huonwa bila malipo, kisha hukabidhiwa karatasi akajinunulie dawa dukani (na duka lenyewe, ajabu, huwa hatua chache tu kutoka langoni). Migomo nayo iliongeza chumvi kwenye kidonda. Madaktari waligoma kwa siku 100 kuanzia Desemba 2016, wauguzi wakafuata kwa miezi mitano mwaka 2017, na madaktari wakagoma tena kwa siku 56 mwaka 2024.

Upande wa pili, sifa za hospitali za kibinafsi hukoma bili inapowasili. Familia huandaa michango, huuza mashamba, na zipo zilizonyimwa hata maiti hadi deni lilipwe. Isitoshe, daktari anayesifiwa huko mchana mara nyingi ndiye yule yule aliyewahudumia wagonjwa wa serikali asubuhi.

Bima ilitarajiwa kuondoa mgawanyiko huu. Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua mahali pa NHIF, na wafanyakazi wa mshahara wakaanza kukatwa asilimia 2.75 ya mapato yao, wapende wasipende. Lakini Februari 2025, chama cha hospitali za kibinafsi, RUPHA, kilitangaza kusitisha huduma za bima hiyo kwa sababu ya madeni. Mwanachama aliyekuwa amekwisha kukatwa pesa zake alitakiwa alipe taslimu, au arudi kupanga foleni kule alikokuwa amekukimbia.