Stika ya ukaguzi haimhakikishii abiria breki

Februari 24, 2024, lori lililokuwa katika barabara ya Arusha–Namanga liligonga magari mengine eneo la Ngaramtoni, nje kidogo ya Jiji la Arusha, na watu 25 wakapoteza maisha. Taarifa za awali za polisi zilitaja hitilafu ya breki. Kila ajali ya namna hiyo inapotokea, wananchi huuliza swali lile lile: gari hukaguliwaje hadi likaruhusiwa kuwa barabarani?

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inawapa askari na wakaguzi wa magari mamlaka ya kulikagua gari na kulizuia likiwa bovu. Daladala na mabasi huhitaji pia taarifa ya ukaguzi ili kupata leseni ya usafirishaji kutoka LATRA. Gari binafsi, kwa upande wake, wengi hulijua kwa stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama.

Tatizo ni kwamba neno "ukaguzi" hubeba mambo mawili yasiyolingana. Mkaguzi aliyesimama uwanjani huona taa, wipa, kioo, mikanda na kipara cha tairi. Hayo ni muhimu, lakini ndiyo pia yanayoweza kurekebishwa kwa siku moja. Hakuna kinachomzuia mmiliki kuazima matairi asubuhi na kuyarejesha jioni. Breki haisomeki kwa macho. Kuipima kunahitaji mashine yenye roli zinazozungusha tairi na kuonyesha nguvu ya breki ya kila gurudumu, kwani gari linaweza kusimama vizuri likiwa tupu katika mwendo mdogo, huku gurudumu moja halifanyi kazi kabisa. Kasoro hiyo hujitokeza likiwa na shehena kwenye mteremko mrefu, breki zikishapata moto. Hivyo magari mawili yenye ubovu ule ule yanaweza kupata majibu tofauti, kutegemea yalipopelekwa.

Hata penye mashine, tofauti hazikosekani. Uingereza ilianza ukaguzi wa lazima mwaka 1960 kwa magari yenye umri wa miaka 10. Mwaka 1967 umri huo ukashushwa hadi miaka mitatu. Huko wanaokagua ni gereji binafsi, nyingi zikiwa ndizo zinazotengeneza magari, hali inayozua shaka kwamba fundi anaweza kujitafutia kazi kupitia ukaguzi. Ireland ya Kaskazini, ndani ya ufalme huo huo, husubiri miaka minne na hutumia vituo vya serikali visivyotengeneza magari. Dawa hiyo nayo ina kasoro yake: Januari 2020 dalili za nyufa zilibainika katika mashine 48 kati ya 55 za kunyanyulia magari, na ukaguzi wa magari mengi ukasimamishwa kwa wakati mmoja.

Cheti, popote kitolewapo, hueleza hali ya gari siku lilipopimwa tu. Kwa lori lenye breki za upepo, dereva anaweza kujipima kila asubuhi: ajaze upepo, azime injini, akanyage breki na kuishikilia huku akitazama geji. Mshale ukiendelea kushuka, upepo unavuja, na lori hilo halipaswi kuondoka hata kama stika yake ni ya jana.