JE, NYONGEZA YAWEZA KUUFUFUA MCHEZO UNAOKUFA?

Usishangae kuona habari za michezo ya kompyuta katika jarida la chama chetu cha Kiswahili. Kilichonisukuma kushika kalamu ni ubishi uliozuka nyumbani mwezi wa Agosti 2024, nikiwa kidato cha pili. Kaka yangu mkubwa alikuwa mchezaji wa World of Warcraft, mchezo wa mtandaoni wenye ada ya kila mwezi. Alikuwa ameuacha kwa miezi saba hivi. Basi ikatoka nyongeza mpya, The War Within, akataka kuinunua kwa pesa alizokuwa amejiwekea. Nusu ya pesa hizo alikuwa ameniahidi za vitabu vya marudio, kwa hivyo mimi nilikuwa na haki ya kusema.

"Kaka, si wewe ulisema mchezo wenyewe umekufa?"

"Utafufuka. Nyongeza ikija watu wote hurudi," akanijibu.

Nikaamua kuchunguza kama ni kweli.

Kwa asiyeujua mchezo wa aina hii, maelfu ya watu, kila mmoja akiwa kwao, huingia katika ulimwengu mmoja kupitia mtandao. Wanapigana na majitu, wanauziana vitu, wanaunda vikundi. Yako majitu yanayotaka angalau watu kumi kuyaua. Kikundi cha kaka kilikuwa na watu ishirini na wawili, wengi wao wa Ulaya. Mmoja akapata mtoto, mwingine akabadilisha kazi, mara wakabaki sita. Sasa watu sita watafanya nini mbele ya jitu la watu kumi? Wanapiga gumzo kidogo, wanalala. Mchezo huu ni kama soko: wauzaji wakianza kuhama, wanunuzi hupungua, na wanunuzi wakipungua hata muuzaji mwaminifu hufunga kibanda.

Nyongeza nayo huleta nchi mpya, hadithi mpya na ngazi za juu zaidi za kupanda. Ya kwanza ya mchezo huo, The Burning Crusade, ilitoka Januari 2007 ikapandisha ngazi ya mwisho kutoka 60 hadi 70. Nakala karibu milioni 2.4 ziliuzwa kwa siku moja tu! Lakini ina makali pande zote mbili. Mtu aliyehangaika miezi kadhaa kupata upanga wa sifa aliona unapitwa na panga za kawaida zilizopatikana mwanzoni mwa nchi mpya. Hebu fikiria umesoma mpaka kidato cha tatu, kisha inatangazwa kwamba wewe na aliyeingia jana mnaanza sawa. Mgeni atashangilia, wewe utanuna. Hata hivyo, bila kusawazisha hivyo mgeni hawezi kumfikia mwenyeji kamwe, naye hatakaa.

Mwaka huo wa 2007 mchezo ulikuwa bado unakua, kwa hivyo hauwezi kuwa ushahidi wa kufufua. Mtihani wenyewe ulikuja baadaye. Oktoba 2010 waliolipa walifika milioni 12, kisha wakaanza kupungua. Kufikia Septemba 2014 walikuwa milioni 7.4. Novemba ikatoka nyongeza iitwayo Warlords of Draenor, nao wakapanda mpaka zaidi ya milioni 10. Naam, hapo kaka angesema, "Unaona?" Lakini ngoja kwanza. Mwisho wa Machi 2015 walikuwa milioni 7.1, na mwisho wa Juni milioni 5.6. Yaani walishuka kuliko walivyokuwa kabla ya hiyo nyongeza.

Kwa nini? Sababu moja, kwa maoni yangu iliyo kubwa, ni kwamba kila mchezaji alipewa ngome yake mwenyewe yenye mgodi, shamba na wafuasi wa kutumwa kazi. Mtu alipata karibu kila kitu nyumbani, hakuona haja ya kwenda mjini kukutana na wenzake. Soko likageuka nyumba za watu binafsi! Halafu baada ya Juni 2015 hapakuwa na jambo kubwa jipya mpaka Agosti 2016. Novemba 2015 kampuni ikatangaza kwamba haitatoa tena hesabu ya wanaolipa. Mgonjwa akikataa kupimwa homa, wewe utaonaje?

La kuchekesha ni kwamba Agosti 2019 kampuni hiyo hiyo ilifungua mchezo kama ulivyokuwa mwaka 2006, bila nyongeza yoyote, na watu wakapanga foleni saa nyingi kuingia.

Kuna mchezo mwingine uliofufuka kweli, nao ni Final Fantasy XIV wa Japani. Ulipotoka Septemba 2010 ulikuwa mbovu hata kampuni ikaomba radhi na kusitisha kutoza ada. Desemba akateuliwa msimamizi mpya, Naoki Yoshida. Huyu hakupaka rangi nyumba yenye nyufa. Novemba 2012 ulimwengu wa mchezo uliangamizwa mbele ya wachezaji, mwezi ukianguka kutoka angani, na seva zikazimwa. Agosti 2013 ukafunguliwa upya, umejengwa kuanzia msingi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nyongeza zikaja baadaye, nyumba ikiwa imara, na ile ya Desemba 2021 ilijaza watu mpaka kampuni ikasimamisha kuuza mchezo kwa majuma kadhaa.

Nilimweleza kaka haya yote. Nikamwuliza kama nyongeza yake imerekebisha kilichowafukuza wale kumi na sita, au imeongeza tu nchi ya kutembelea. Alinisikiliza, akacheka, akainunua.

Septemba watu kumi na tisa wa kikundi chake walirudi. Usiku nilimsikia chumbani akipiga kelele za furaha, nami nikaona haya kwa maneno yangu. Kufikia Jamhuri Dei walikuwa wanane. Nilipomwuliza kama atalipa ada ya Januari alisema anapumzika mpaka nyongeza nyingine. Pesa za vitabu alinipa Februari, zikatosha kitabu kimoja cha Kemia.