Bei ya Umeme Wakati wa Baridi ya Texas: Sehemu ya Pili

Katika makala iliyotangulia tulieleza jinsi sheria ya mwaka 1999 ilivyouvunja ukiritimba wa makampuni ya umeme huko Texas, hata ilipofika Januari 2002 wenye nyumba katika sehemu kubwa ya jimbo wakawa na hiari ya kujichagulia muuzaji. Leo tutazame yaliyowasibu Februari 2021, baridi kali ilipogandisha visima vya gesi na mitambo, ilhali gridi ya Texas, iliyotengwa makusudi ili isiwe chini ya mamlaka ya Washington, haikuwa na njia ya kupata msaada wa maana kwa majirani. Nyumba zaidi ya milioni 4 ziliingia gizani, na watu zaidi ya 200 wakafariki.

Bei ya jumla sokoni ilikuwa na ukomo wa dola 9,000 kwa megawati-saa, yaani dola 9 kwa yuniti moja, ambayo siku za kawaida za wakati ule mwenye nyumba aliilipia kiasi cha senti 12. Tarehe 15, bei ilipoonekana kushuka chini ya ukomo huo, Tume ya Huduma za Umma iliamuru ipandishwe, kwa hoja kwamba maadamu watu wanakatiwa umeme, haiyumkini umeme uwe rahisi. Basi bei iliyosifiwa kuwa ni tunda la mapatano ya hiari ikawa ni amri ya serikali, nayo ikadumu mpaka asubuhi ya tarehe 19, zaidi ya siku nzima baada ya mgawo kukoma. Husemwa kuwa bei ikipanda, muuzaji huongeza bidhaa na mnunuzi hupunguza matumizi. Lakini mtambo ulioganda hauongezi kitu kwa ajili ya dola, wala mwenye watoto katika nyumba ya barafu hazimi hita.

Walioumia waziwazi ni wateja wa Griddy, kampuni iliyowauzia umeme kwa bei ya jumla kwa ada ya dola 9.99 kwa mwezi, ikikata fedha katika kadi zao za benki kila akiba ilipopungua. Kampuni yenyewe iliwasihi wahamie kwingine, walakini wauzaji wengi hawakutaka wateja wapya wakati ule, na bili zikafika maelfu ya dola. Sitawaita wapumbavu, miezi mingi walikuwa wamelipa kidogo kuliko jirani zao. Mwezi Machi Griddy ilifilisika, na madai yake ya takriban dola milioni 29 kwa wateja yakasamehewa.

Bunge la jimbo likapiga marufuku mikataba ya namna ile kwa wenye nyumba, na ukomo ukateremshwa kuwa dola 5,000. Lakini hata aliyekuwa na bei isiyobadilika hakusalimika, kwani hasara za wauzaji na za vyama vya ushirika ziligeuzwa hatifungani ambazo wateja watazilipa kidogo kidogo, kwa miaka mingi, ndani ya bili zao. Deni hilo, pamoja na hukumu ya Mahakama ya Juu ya Texas ya mwaka 2024 iliyoihalalisha amri ya Tume, tutalieleza katika sehemu ya tatu.